Bodi ya Kitivo ina nguvu gani mbele ya Mpango Mkakati wa chuo?

Swali. *Shikamoo Mzee. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye kampasi changa ya chuo kikuu cha umma hapa Kigoma. Makao makuu wametuletea rasimu ya Mpango Mkakati wa miaka mitano. Ndani yake udahili wa programu yetu unapanda mara tatu, na zimeongezwa programu mbili ambazo sisi wa idara tulizisikia siku hiyo hiyo. Bodi ya Kitivo ikapewa wiki moja "kupitia na kutoa maoni". Kwenye kikao wengi walikaa kimya. Mkubwa mmoja akasema mipango na bajeti ni kazi ya utawala, mwalimu afundishe. Amidi wetu, yaani mkuu wa kitivo, aliteuliwa, hakuchaguliwa. Je, bodi ina nguvu yoyote kisheria au tupo kwa ajili ya kupiga makofi tu? Na mtu wa ngazi yangu afanye nini asionekane mkorofi?*

Jibu. Marahaba, Mwalimu. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya mipango ya chuo kikuu cha umma mpaka nikastaafu, na sasa naishi hapa Tabora. Kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa meza ambao ninyi walimu hamuuoni, upande unaopokea maoni ya bodi na kuamua yaende wapi. Nguvu mnayo. Inapotea kwa sababu maoni yenu huja yakiwa hayana hesabu, na huja wakati hesabu zimeshafungwa.

Nianze na sheria. Vyuo vikuu vyetu vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Sura ya 346, na chini yake kila chuo kina Hati Idhini yake, yaani hati inayokianzisha na kupanga vyombo vyake. Baraza la Chuo ndilo lenye neno la mwisho kwenye sera, fedha, mali na watumishi. Seneti ndiyo yenye dhamana ya taaluma: mitaala, ufundishaji, mitihani, utafiti, utoaji wa shahada. Bodi ya Kitivo, au ya Ndaki kwa vyuo vinavyotumia jina hilo, ni mkono wa Seneti huko chini. Majukumu yake yameandikwa kwenye Hati Idhini na kanuni zake. Ukipata nafasi wiki hii, mwombe Katibu wa bodi nakala ya hizo kanuni na usome kifungu cha bodi neno kwa neno. Nakuhakikishia wajumbe wengi waliokaa kimya siku ile hawajawahi kukisoma.

Mkubwa wenu aliyesema mipango ni ya utawala amesema nusu ya kweli. Kujenga uzio, kununua gari, kuingia mkataba wa ulinzi, hayo ni ya utawala na bodi ikiyadai itapoteza muda wake. Lakini udahili si wa utawala peke yake. Idadi ya wanafunzi ndiyo inayoamua semina iwe ya watu 25 au ya watu 90, insha zisahihishwe au zigeuzwe maswali ya kuchagua, mafunzo kwa vitendo yawepo au yabaki kwenye karatasi. Huwezi kumpa mtu dhamana ya ubora wa shahada halafu ukamnyima neno kwenye idadi ya watakaoisoma. Kwa hiyo udahili unapangwa na pande mbili, na upande mmoja ukinyamaza, mwingine utapanga peke yake bila hata kuwa na nia mbaya.

Hilo la nia nalisisitiza, kwa sababu nimewaona walimu wengi wakiingia kwenye mjadala wa mpango wakiamini makao makuu wana njama. Msukumo wa kuongeza udahili una sababu za haki kabisa. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazina ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na waliodahiliwa mwaka ule walimaliza kidato cha sita 2022. Wale vijana wapo, wamefaulu, wanataka nafasi, na wengi wao ni wa Kasulu, Kakonko na Uvinza, ambao kwa miaka mingi walilazimika kupanda treni kwenda kusoma mbali. Kisha ukaja mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu mwaka 2021, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, uliosambaza majengo ya vyuo vikuu mikoani. Jengo likishakamilika, kila kiongozi anaulizwa mbona halijajaa. Ukizungumza na Mkurugenzi wa Mipango kama mtu anayeelewa shinikizo hilo, atakusikiliza kwa namna tofauti kabisa.

Sasa hizo programu mbili mpya. Hapo ndipo bodi yenu ina nguvu kubwa kuliko mnavyodhani, na nashangaa hakuna aliyeinua mkono. Programu mpya haizaliwi kwenye Mpango Mkakati. Inaanzia idarani kwa tathmini ya mahitaji na rasimu ya mtaala, inapita Bodi ya Kitivo, inapanda Seneti, halafu inakwenda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). TCU ikikagua inataka kujua nani atafundisha, ana shahada gani, maabara iko wapi, vitabu viko wapi. Bila ithibati yake chuo hakiwezi kudahili mwanafunzi hata mmoja. Hata kwa programu zilizopo, mwongozo wa udahili wa TCU huonyesha kila programu na idadi ya nafasi zake, kwa hiyo kuongeza mara tatu si jambo la kuandikwa na ofisi moja likaishia hapo. Hakuna Kurugenzi ya Mipango inayoweza kuandika mtaala wa fani yenu. Rasimu ya mpango inaweza kutaja programu kama matarajio, na hilo si kosa. Bodi inachotakiwa kufanya ni kuandika wazi kwamba matarajio hayo yatafuata njia ya kitaaluma, na kutaja idara itahitaji nini na muda gani kuandaa mtaala.

Nikueleze jinsi maoni yanavyosomwa kule juu, kwa sababu hapa ndipo walimu wanapopoteza kesi ambayo wangeishinda. Ofisi ya mipango inapokea karatasi kutoka vitivyo vyote ndani ya siku chache. Kitivo kinachoandika "udahili unaopendekezwa ni mkubwa mno, walimu hawatoshi, tunashauri uangaliwe upya" kinawekwa kwenye jedwali la maoni, safu ya jibu inaandikwa "imezingatiwa", na mpango unaendelea ulivyo. Afisa aliyeandika hivyo si mwongo. Hakupewa kitu cha kubadilisha. Hakuna namba ya kuweka mahali pa namba iliyopo.

Chukua mfano wa kubuni ufanye hesabu ya kwenu. Tuseme programu ina kozi tano kwa muhula, kila kozi ina saa mbili za mhadhara kwa wiki na saa moja ya semina, na kikundi cha semina kisizidi wanafunzi 30. Wanafunzi wakiwa 600, kila kozi ina vikundi 20. Vikundi 20 kwa kozi tano ni saa 100 za semina, ongeza saa 10 za mihadhara, jumla saa 110 kwa wiki. Kama mwalimu mmoja anabeba saa 12, unahitaji walimu tisa na kidogo. Mkiwa wanne mnaweza saa 48. Halafu mtihani wa mwisho: 600 mara tano ni karatasi 3,000, kwa watu wanne, ndani ya muda ule ule wa kupeleka matokeo. Hiyo ni aya moja. Afisa mipango akiisoma hawezi kuandika "imezingatiwa" na kulala usingizi, kwa sababu keshokutwa Seneti inaweza kumuuliza. Weka ya kwenu, na saa halisi za kanuni ya mzigo wa kazi ya chuo chenu.

Baada ya hesabu, usiishie kwenye "hapana". Bodi inayosema hapana tu inaonekana imechoka, na utawala utaipita pembeni. Andikeni "ndiyo, kwa masharti haya na kwa mpangilio huu": mwaka wa kwanza udahili ubaki, mwaka wa pili upande kiasi fulani walimu wawili wakishaajiriwa, mwaka wa tatu upande tena ukumbi wa pili na maabara vikishakabidhiwa. Kila ongezeko lifungwe na kitu kinachoonekana. Mpango Mkakati una viashiria na shabaha za kila mwaka. Mnachofanya ni kuwapa shabaha nyingine inayotekelezeka iingie kwenye jedwali lile lile. Nimeona rasimu zikibadilishwa kwa njia hii zaidi ya mara moja, na waliozibadilisha walikuwa watu wa kawaida waliofanya hesabu yao vizuri.

Kuna jambo la tarehe, na hili ndilo ningependa kila mjumbe wa bodi alijue kama anavyojua ratiba ya mitihani. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka miezi mingi kabla, kwa kawaida robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Taasisi zinaandaa makisio yao, zinapewa ukomo wa bajeti, yanachambuliwa, na kati ya Aprili na Juni Bunge linajadili na kupitisha. Maana yake, mwalimu unayemhitaji Oktoba mwakani lazima awe ameandikwa mwaka huu kwenye makisio ya ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zinazolipiwa. Hata akiwepo kwenye ikama, bado kinahitajika kibali cha ajira kutoka Utumishi, bado kuna tangazo, usaili, na kuripoti. Na ukimwajiri mkufunzi msaidizi leo, atahitaji shahada ya uzamili kwanza, kisha ya uzamivu; huyo ni mhadhiri wa miaka mingi ijayo. Wanafunzi wanaongezeka kwa tangazo moja la udahili. Walimu hawaongezeki hivyo. Pengo kati ya kasi hizo mbili ndilo linaloua shahada za kampasi changa, na bodi ndiyo chombo pekee kinacholiona mapema kwa sababu wajumbe wake ndio watakaosimama mbele ya ukumbi uliofurika.

Kwa hiyo bodi isingoje kuletewa rasimu. Iwe na ajenda ya kudumu ya "mahitaji ya watu na vifaa" kwenye kikao chake cha Septemba au Oktoba, kila mwaka, hata kama hakuna aliyeiomba. Mkuu wa Idara aende na orodha: nafasi za ikama kwa ngazi, nani anastaafu lini, nani yuko masomoni na anarudi lini, vifaa vipi viingie kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Siku hizi manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Hadubini isiyokuwemo kwenye mpango wa manunuzi hainunuliwi hata kama kila mtu anakubali kwamba inahitajika.

Ulizeni pia swali la fedha ambalo walimu huona aibu kuliuliza: mapato ya ndani ya kampasi yanagawanywaje? Mishahara ya watumishi wa kudumu inatoka Hazina, lakini walimu wa muda, mafuta ya gari la mafunzo kwa vitendo, kemikali na karatasi za mitihani kwa sehemu kubwa hutegemea ada zenu na kasma ya matumizi mengineyo. Udahili ukipanda mara tatu, ada nayo inapanda. Kiasi gani kinabaki Kigoma? Kama jibu halijaandikwa popote, ombeni liandikwe kwenye mpango huu huu. Ni swali la halali, na linaulizwa kwa upole kabisa.

Mnacho kitu kingine ambacho makao makuu hawana, nacho ni kuijua Kigoma. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Aliye mbali akipanga utafiti wa wanafunzi kwenye mialo mwezi wa Juni hatakumbuka hilo. Ninyi mnalijua kwa bei ya dagaa sokoni tu. Mwanafunzi akitakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, kibali cha kuingia kambini kinaombwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kinataka muda. Barabara za vijijini Buhigwe na Kibondo wakati wa masika mnazifahamu. Wanafunzi wakiongezeka mara tatu watapanga wapi, Mwanga, Katubuka au Ujiji, na binti anayetoka maktaba saa tatu usiku atarudi vipi? Hayo yote ni mipango. Yaandikeni. Mjumbe mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi asaidiwe kuandika la makazi, kwa sababu yeye analijua kuliko sisi wote, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Kuhusu Amidi kuteuliwa. Vyuo vyetu vingi vina utaratibu wa kamati ya kutafuta majina na kisha uteuzi, na wapo maamidi walioteuliwa wanaopigania vitivo vyao kwa nguvu zote. Sitaki ulione hilo kuwa mwisho wa habari. Lakini sitakuficha ninaloamini: chombo cha taaluma kinahitaji watu waliochaguliwa na wenzao, na wawe wengi. Si wazo langu. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linasema walimu wawe na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi kwenye vyombo vya taaluma. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, jumuiya za wanataaluma wa taasisi zetu za elimu ya juu zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Watu husoma ile sehemu ya uhuru wakairuka ya wajibu. Kukaa kimya kikaoni wakati mpango utakaoshusha elimu ya watoto wa wakulima na wavuvi unapita mbele yako, hilo nalo lina jina kwenye wajibu. Kwa hiyo angalieni kanuni zenu: nafasi za wajumbe wa kuchaguliwa ni ngapi, zimejazwa, na muda wao uliisha lini? Nimekuta bodi zenye viti vya kuchaguliwa vilivyokaa wazi muda mrefu kwa sababu tu hakuna aliyeitisha uchaguzi.

Sasa wewe mwenyewe. Mhadhiri msaidizi ana haki ya kuogopa, sitakudanganya. Kupanda kwako cheo kunategemea watu walioko kwenye kikao hicho. Ila ukorofi mara nyingi ni suala la njia kuliko hoja. Usisimame kwenye bodi na hoja ambayo Mkuu wako wa Idara anaisikia hapo kwa mara ya kwanza. Hata akikubaliana nawe utamfanya aonekane hajui mambo ya idara yake. Andika dokezo la kurasa mbili, mpelekee, mwambie "Mkuu, nimejaribu kupiga hesabu ya saa, naomba uniangalizie kama nimekosea." Hesabu ikiwa sahihi itakuwa yake kabla ya jioni, na iache iwe yake. Ombeni kikao cha idara cha nusu saa, kipitishe dokezo kama la idara. Likifika kwenye bodi halina jina lako, lina kumbukumbu namba ya jalada. Kama chuo chenu kina jumuiya ya wanataaluma au tawi la chama cha wafanyakazi, wapeni nakala kwa taarifa, lakini hoja ya mtaala na mzigo wa kazi ianzie idarani. Ikianzia kwenye chama itajibiwa kama mgogoro wa kazi, na taaluma itasahauliwa.

Usipuuze kazi ya kampasi changa kwa sababu ni changa. Kilimo Morogoro kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili ilikuwa kitivo, ikawa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Ardhi nayo ikafuata mwaka huo huo. Kampasi hukua, na inapokua inabeba mazoea iliyoanza nayo. Bodi iliyozoea kupitisha kila kitu kwa makofi haibadiliki siku inapopewa Hati Idhini yake.

Kuna moja la haraka kuliko yote niliyosema. Kile kikao ambacho wengi mlikaa kimya kina muhtasari, na pengine umeshaandikwa. Ukimya huandikwa "wajumbe walijadili na kuridhia rasimu", na sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa Seneti na Barazani kama ridhaa ya walimu wa Kigoma. Muhtasari haujawa rasmi mpaka uthibitishwe. Katika kikao kijacho, ajenda ya kuthibitisha muhtasari ikifika, kabla ya kwenda kwenye yatokanayo, mjumbe yeyote anaweza kuomba marekebisho. Mkuu wa Idara, au wewe kama hapatikani mwingine, aombe isomeke kwamba bodi ilipokea rasimu, na kwamba maoni ya idara kuhusu walimu, udahili na programu mpya yatawasilishwa kwa maandishi kama kiambatisho. Ni sentensi moja, haimgombezi mtu, na inaufungua mlango ambao dokezo lenu litapitia. Muulize Katibu wa bodi leo tarehe ya kikao hicho, kisha uhesabu kurudi nyuma: dokezo liwe mezani kwa Mkuu wa Idara angalau wiki mbili kabla, ili liingie kwenye makabrasha wajumbe walisome majumbani kwao.